Mwendo wa Saa Tisa

Wakala alitumia uzi. Mezani kwake kulikuwa na simu mbili, kompyuta na kikombe kilichojaa kalamu, na ukutani picha yake akipeana mkono na mtu mwenye tai. Vyote hivyo aliviacha akamwomba dada yangu uzi, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Dada yangu ni fundi cherehani. Uzi mweusi haukosekani mkobani mwake, kama vile wengine wasivyokosa leso. Akakata kipande kwa meno, akampa.

Kando ya meza kulikuwa na tufe la dunia la plastiki, lile linalozunguka kwenye kijiti. Wakala akaweka ncha ya uzi kwenye nukta ya mji wetu, akauvuta juu ya bahari na majangwa mpaka kwenye nukta ya mji ule wa mbali, akaubana kwa kucha, kisha akauinua mbele ya macho ya dada. Ulikuwa mfupi kuliko kidole chake cha kati.

"Umeona, mama? Hivi tu. Kwenye makaratasi wanaandika kilomita elfu saba na kitu, lakini ndege haijui kilomita. Mwendo wa saa tisa. Binti anapanda, anakula, anasinzia kidogo, anakula tena, amefika. Kwenu kijijini kwa basi ni saa ngapi?"

"Kumi na mbili," dada akasema. "Barabara ikiwa nzuri."

"Basi piga hesabu mwenyewe. Mwanao atakuwa karibu nawe kuliko mama yako mzazi."

Dada akacheka, na nilipomsikia akicheka nikajua wakala ameshinda. Mtu aliyepima viuno na mabega ya watu tangu usichana wake hawezi kubishana na uzi. Kwake uzi ukifika, umefika. Hakujiuliza kwamba tufe lenyewe lilikuwa dogo kama boga, na kwamba hakuna mtu aliyewahi kwenda kazini juu ya boga.

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi la mlangoni. Nimepakia mizigo ya ndege sehemu kubwa ya maisha yangu, mpaka uwanja uliponifukuza pamoja na wenzangu kwa sababu tulikataa kuingia kazini bila viatu vya kukinga vidole. Tangu hapo mtaani naitwa Mgomo. Nikamwambia dada, "Muulize na kurudi ni saa ngapi."

Wakala akaniangalia viatu kwanza, halafu uso. "Mzee, njia si ni ile ile?"

"Njia ni ile ile. Nauliza mlango."

Dada akanifinya paja. Binti yake, mtoto wake wa pekee, akaangua kicheko. Huyo tulimwita Chiriku kwa sababu alikuwa hanyamazi hata akiwa anapiga mswaki. "Mjomba Mgomo bwana! Wewe hata harusi yako mwenyewe ungeigomea."

"Ningeigomea, ningekuwa na akiba leo," nikasema, na wote wakacheka, wakala naye akacheka, na katikati ya kicheko kile Chiriku akatia sahihi.

Mkataba ulikuwa wa miaka miwili. Alikwenda kufanya kazi za ndani katika nyumba ya ghorofa nne, nyumba yenye watu wengi na watoto wa rika zote, na siku ya kwanza tu mama mwenye nyumba akachukua pasipoti yake akaifungia kwenye droo, eti isipotee. Simu aliruhusiwa siku moja kwa wiki. Mwanzoni siku hiyo ilikuwa sikukuu. Chiriku alisimulia kila kitu: mashine ya kuosha vyombo inayonguruma kama lori, watoto wanaotupa chakula ukutani, bibi mmoja wa ghorofa ya tatu anayempa peremende kwa siri. Kisha masimulizi yakapungua. Akawa anauliza tu, "Mama, unakula? Mama, kiwanda kinaendaje?" Kiwanda ndilo jina alilokipa chumba cha mbele chenye cherehani moja.

Miaka miwili ikaisha. Mwenye nyumba akasema ataongeza kidogo. Hakumuuliza mtu. Nikaenda kwenye ofisi ya wakala nikakuta pale wanauza makava ya simu. Kijana wa dukani akaniambia mwenye ofisi alihama, hajui alikohamia. Nilisimama katikati ya makava yale ya rangi rangi nikauona ukuta ilipokuwa ile picha yake na mtu mwenye tai. Misumari bado ilikuwepo. Kuna watu wanaamini ukihama ofisi, umehama na dhambi yako. Mimi namkumbuka. Namkumbuka shati lake la mistari ya kijani na kifungo cha pili kutoka juu kilichoshonewa uzi mweupe, na namkumbuka alivyoutupa uzi wa dada sakafuni mara tu tuliposimama kuondoka.

Nikagonga milango. Ofisi ya kazi wakanituma ofisi ya mambo ya nje, mambo ya nje wakanituma polisi, polisi wakaniuliza huyo binti alikwenda kwa kutekwa au kwa ridhaa. Nikasema kwa ridhaa. Wakasema basi. Neno moja, basi, na wakageukia chai yao.

Mwaka wa nne ndipo mguu wa dada ulipoharibika.

Alikuwa na sukari siku nyingi, na sukari ilikuwa imemla hisia nyayoni. Pini ilidondoka kwenye kitambaa, ikamwingia chini ya kidole gumba cha mguu wa kulia, naye akaendelea kukanyaga cherehani siku nzima asijue. Aliigundua jioni alipokuwa anavua kiatu. Akaichomoa, akaifuta, akairudisha kwenye mto wa pini, kwa sababu pini ni pini. Kidonda kikakataa kupona. Kikawa chekundu, kikawa cha zambarau, kikawa cheusi. Tulipompeleka hospitali ya serikali, wodi ya wanawake, kitanda cha karibu na dirisha, harufu ilikuwa imetutangulia.

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye macho ya usingizi na mikono ya upole. Hakuzunguka.

"Mama, mguu huu chini haupati damu tena. Leo hii nikikata, nakata hapa," akaweka kiganja chini ya goti. "Goti likibaki, mguu wa bandia unakubali vizuri, utatembea, na cherehani pengine utarudi kuikanyaga. Tukichelewa sumu inapanda. Ikishavuka goti, nakata juu. Na ikipita pale juu, mama, sitakuwa na mahali pa kukata."

Dada akamsikiliza kama anavyomsikiliza mteja anayetaka gauni la kesho. Kisha akasema, "Nimekuelewa, mwanangu. Lakini si leo. Binti yangu yuko njiani."

Ni kweli, ujumbe uliingia asubuhi ile ile. Mke wangu ndiye aliyeusoma kwa sauti, wodi nzima ikasikia: *Mama niko njiani.* Wagonjwa wenzake wakapiga vigelegele vya chini chini, vya watu walioshonwa matumbo. Mwenye nyumba alikuwa amemwachia hatimaye. Kwa miezi kadhaa Chiriku alikuwa akilia kuomba ruhusa tangu aliposikia mama anaumwa, lakini hatukuwa tumemwambia habari ya kukatwa. Hata sisi tulikuwa hatujui.

"Mwendo wa saa tisa tu," dada akamwambia daktari. "Nimemngoja miaka minne, nitashindwa saa tisa? Nilimsindikiza nimesimama kwa miguu yangu. Ataingia hapa anikute ninayo yote miwili. Akishaniona, mkate. Mkate hata kichwa mkitaka."

"Mama, sumu haisubiri ndege."

"Akinikuta nimekatwa atasema ni yeye. Atasema mama alikatwa mimi sipo. Huyo mtoto namjua, atalibeba hilo mpaka kaburini. Saa tisa, daktari."

Daktari akanitazama mimi. Na mimi, kwa hesabu ya haraka, nikaona kwamba ujumbe umeingia asubuhi, saa tisa zinaishia jioni. Nikasema labda jioni hiyo hiyo akatwe. Daktari akaandika kitu, akaondoka bila kusema sawa.

Jioni ikafika. Hakuna mtu.

Mke wangu alikuwa amekaa pembeni ya kitanda akimpepea wifi yake kwa kipande cha boksi. "Wifi, yuko njiani. Unajua ndege nazo zina foleni. Sasa hivi pengine anachukua mzigo wake."

Giza likaingia, wakanitoa nje kwa sababu wodi ya wanawake wanaume hawalali. Kulipokucha nikarudi. Mke wangu alikuwa bado anapepea, na maneno yalikuwa yale yale. "Yuko njiani, wifi. Anakaribia." Dada alikuwa na homa. Midomo imekauka, macho yanang'aa. Kila mlango wa wodi ulipolia aliinua kichwa, na kila alipoinua kichwa alijivutia shuka kufunika bandeji, akaipanga miguu yake sambamba kama mtu anayepanga viatu mlangoni.

Sisi ni watu wa "niko njiani", tusidanganyane. Fundi bomba yuko njiani na huku unasikia maji yakimmwagikia bafuni kwake. Mgeni wa heshima yuko njiani, anatafuta soksi ya pili. Hatusemi hivyo kwa ubaya, tunampunguzia anayengoja uchungu wa kungoja. Nalijua hilo kama ninavyojua jina langu, na bado sikulikumbuka mpaka simu iliponitetemeka mfukoni, namba ndefu isiyo ya nchi yetu. Nikatoka wodini hadi ukumbini, nikasimama karibu na ndoo za mafagio.

"Mjomba." Sauti ilikuwa ndogo. Ningeapa si yake.

"Chiriku! Uko wapi, umeshatua?"

"Mjomba, nimeazima simu, nisikilize. Bado sijapanda."

"Hujapanda nini?"

"Ndege. Jana nilikuwa kwenye ofisi ya kibali cha kutoka. Huku hutoki mpaka mwajiri aje agonge muhuri mwenyewe. Alikuja leo. Sasa ndiyo napelekwa uwanjani."

Nikaegemea ukuta. "Mama yako alipata ujumbe jana asubuhi. Ulisema uko njiani."

Nikasikia magari ya mji ule, honi zake, mtu akipiga kelele kwa lugha nisiyoijua. "Nilikuwa nimetoka nje ya lango, mjomba. Miaka minne sijawahi kuvuka lile lango peke yangu. Nilisimama barabarani na begi langu, nikamwandikia mama. Kwangu mimi hapo nilikuwa njiani."

"Tiketi ni ya moja kwa moja?" nikauliza.

"Ya bei ya chini kabisa, wao ndio wamenunua. Kwanza inatupeleka kaskazini, mwendo wa saa nne."

"Kaskazini? Huko si ndiko mnazidi kwenda mbali?"

"Ndiyo, tunarudi nyuma kwanza. Halafu nalala uwanjani, na kesho mchana kutwa nipo pale pale. Usiku ndiyo napanda nyingine, saa kumi na moja hewani. Nafika kesho kutwa mchana. Mjomba, usimwambie mama. Mwambie nakaribia. Asije akapandisha sukari."

Simu ikakatika, na mimi nilikuwa sijamwambia habari ya mguu.

Mke wangu alikuwa amenifuata ukumbini. Nikamweleza. Akashika mdomo, kisha akashika mkono wangu. "Usiingie na habari hiyo kule. Mgonjwa hupewa moyo."

"Moyo gani huo? Moyo unaompanda gotini?"

"Mwambie jioni. Mwambie ndege imechelewa. Jioni tutatafuta lingine."

"Na kesho?"

"Kesho Mungu yupo."

"Mungu yupo na leo, na daktari naye yupo leo." Nilipaza sauti, nesi akatoa kichwa mlangoni. "Kila mtu anampunguzia huyu mwanamke safari. Wakala alimpunguzia kwa uzi, akalipwa. Mtoto kampunguzia kwa mapenzi. Wewe unampunguzia kwa huruma. Safari yenyewe haijapungua hata hatua moja, mke wangu. Kinachopungua ni mguu."

Mke wangu akalia. Sikumbembeleza. Nikaingia.

Dada aliniona uso akajua. Tumelala mkeka mmoja utotoni, hatufichani kitu kwa kukunja paji la uso. "Ameanguka," akasema. "Ndege imeanguka."

"Haijaanguka. Hajaipanda."

"Jana alisema..."

"Jana alikuwa ametoka nje ya lango, dada. Akaona barabara, akafurahi, akakuandikia. Alikuwa ofisini anangoja muhuri."

Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakajifanya wamelala. Dada akakaa. "Basi anapanda sasa hivi. Saa tisa kuanzia sasa."

"Hapana."

"Hapana nini? Hesabu, tangu sasa..."

"Hizo saa tisa ni za ndege, si za mtu. Nimekaa chini ya tumbo la ndege miaka yote ile, nakwambia ninachokijua. Wao wanaanza kuhesabu milango ikifungwa na wanaacha kuhesabu milango ikifunguliwa. Pasipoti kukaa kwenye droo hawahesabu. Muhuri wa mwajiri hawahesabu. Benchi la uwanjani hawahesabu. Na hata hizo tisa si zake, ni za tiketi ya mtu mwingine. Yeye wanampeleka kaskazini kwanza, analazwa huko, ndiyo arudishwe huku. Kesho kutwa mchana, dada, kama hakuna wa kumrudisha mlangoni. Leo humwoni. Kesho humwoni. Ukingoja miguu miwili, atakuta jeneza."

Alichukua kikombe cha plastiki cha maji akanirushia. Hakikunifikia, kiligonga chuma cha kitanda kikaviringika chini.

"Mdomo wako! Tangu utoto mdomo wako ni wa bundi! Baba alipoumwa ni wewe uliyesema hataamka. Nilipoolewa ni wewe uliyesema huyu anakohoa vibaya. Kila mahali wewe ni hapana, haiwezekani, tugome. Mtu anakufa kwa furaha yake, wewe unamletea hesabu!"

"Ndiyo."

"Toka!"

Sikutoka. Niliinama nikaokota kikombe, nikakifuta kwa shati, nikakiweka mahali pake. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na kipande chake cha boksi. Dada alilia kwa muda, kilio cha hasira, pua na macho. Halafu kikaisha. Akaifunua shuka mwenyewe, mara ya kwanza tangu tulipomleta, akauangalia mguu wake kama anavyoangalia kitambaa kilichounguzwa na pasi, akitafuta pa kukata ili kilichobaki kifae.

"Wanamlisha kwenye hilo benchi?" akauliza.

"Sijui."

"Mwiteni yule binti daktari."

Daktari akaja na karatasi mkononi. Hakuuliza kilichotokea. Akavaa glavu, akabonyeza kifundo, akabonyeza shavu la mguu, akapandisha vidole mpaka gotini, akasita, akaenda juu kidogo. Kiganja chake kikatua katikati ya paja kikakaa hapo.

Dada akakiangalia kile kiganja. "Jana ulikiweka chini ya goti."

"Jana ndiyo, mama."

Dada akanyoosha mkono. Akaomba kalamu, akatia sahihi.

Waandishi wa magazeti wangesema mgonjwa alichelewa kutoa ridhaa. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa hata pale hospitali. Mimi nasema goti lile lilikatwa na uzi, miaka minne kabla, juu ya meza yenye simu mbili, na aliyelikata alivaa shati la mistari ya kijani na bado anatembea kwa magoti yake yote.

Chiriku alitua siku aliyosema, mchana. Nilimngoja nje ya kizuizi, kwenye uwanja ule ule walionifukuza, kati ya madereva wanaoinua vibao. Watu walitoka na masanduku ya magurudumu, wakakumbatiwa, wakapigwa picha. Yeye alitoka nyuma kabisa, na begi dogo la bega na mfuko wa plastiki. Alikuwa amekonda mpaka masikio yalionekana makubwa. Aliniona, akaja, akainama kidogo, akasema, "Shikamoo, mjomba." Akanyamaza. Yule mtoto asiyenyamaza.

Nilimwambia kwenye gari la rafiki yangu, tukiwa tumekaa nyuma. Sikupunguza.

"Upi?" akauliza.

"Wa kulia."

"Wa kukanyagia."

"Ndiyo. Juu ya goti."

Akamwomba rafiki yangu asimamishe gari. Akashuka, akasimama kando ya barabara akitugeuzia mgongo, magari yakipita na kumpeperushia vumbi. Rafiki yangu akataka kushuka, nikamzuia. Aliporudi alikuwa amejifuta uso kwa upindo wa blauzi.

"Ningesema ukweli siku ile..."

"Usianze," nikamwambia. "Umenisikia, mwanangu? Usianze hiyo. Kuna wa kulaumiwa, na sura yake ninayo kichwani. Siku nikimpata, na nitampata, utakuja umwangalie. Wewe hapana."

Akainamisha kichwa. Sijui kama alikubali au alichoka.

Lango la hospitali lilikuwa limefungwa. Mlinzi alikuwa kwenye kiti, radio mapajani. "Muda wa kuona wagonjwa umekwisha. Jioni."

"Huyu ametoka nje ya nchi sasa hivi. Mama yake amekatwa mguu."

"Wote humo ndani wamekatwa kitu, mzee. Jioni."

Hapo damu yangu ilipanda. Nikamuuliza anajua binti huyu amevuka milango mingapi mpaka kufika kwenye kiti chake. Nikamwambia amefungiwa na droo, amefungiwa na lango, amefungiwa na muhuri, amelala kwenye benchi la chuma, na sasa mwisho wa dunia yote hiyo anakutana na mtu mwenye radio. Akinamama waliokuwa wamekaa ukutani na vyombo vyao vya chakula wakaanza kusimama mmoja mmoja. "Mfungulie, baba," mmoja akasema. Mwingine akasema kwa ukali zaidi, "Wewe huna mama? Ulitoka kwenye radio?" Wakacheka, lakini walikuwa wamekwisha kulizunguka lango. Mlinzi akaangalia upande wa ofisi kuu, akaangalia wale wanawake, akavuta komeo. "Mmoja mmoja! Na msipige kelele, mtanifukuzisha kazi."

Nikatangulia wodini nimwandae dada. Alikuwa ameegemea mito, nywele zimesukwa upya na mke wangu, uso umepakwa mafuta. Shuka ilikuwa imelala bapa upande wa kulia, kuanzia katikati ya kitanda.

"Kaka, yuko nje?"

"Yuko nje."

"Analia?"

"Halii."

Akalitazama lile bapa. "Lile blanketi la miguuni pa kitanda," akasema taratibu. "Lisokote. Uliweke hapa, chini ya shuka. Aingie tu, anione. Nitamwambia mwenyewe baadaye kidogo."

"Dada, nimeshamwambia."

"Najua umemwambia. Wewe huna siri. Nasema lisokote."

Mke wangu alikuwa ananiangalia. Nikachukua blanketi, la kijivu, lenye muhuri wa hospitali pembeni, nikalikunja mara mbili, nikalisokota mpaka likawa na unene wa mguu wa mtu. Nikaliingiza chini ya shuka. Dada akalisogeza kidogo, akalilinganisha na mguu wa kushoto kwa jicho la fundi, akaniashiria kwa kichwa nikamwite.

Chiriku akaingia akitembea polepole kati ya vitanda, begi bado begani. Macho yake yakaenda kwa uso wa mama yake, yakashuka mpaka mwisho wa shuka palipoinuka pande mbili sawasawa, yakarudi usoni. Dada alikuwa anatabasamu kwa nguvu zake zote.

"Njoo, mama. Njoo ukae."

Kulikuwa na kiti, na kulikuwa na nafasi upande wa dirisha. Chiriku akaja upande wa kulia, akakaa kitandani, juu ya lile blanketi. Likabonyea chini yake mpaka likawa halipo. Akamlalia mama yake kifuani na begi likiwa bado begani.

"Umekonda," dada akasema. "Umekula?"

"Bado, mama."

Dada akashika pembe ya blanketi iliyochungulia kwenye shuka, akaivuta alitoe. Blanketi lilikuwa limebanwa na uzito wa mwanawe, halikutoka. Akaliacha.